Nani atashika shilingi ya waziri kwa ajili ya malale?

Na Mwandishi Wetu

Mgonjwa ana homa ya siku kadhaa, kichwa kinagonga, viungo vimelegea. Zahanati iko pembezoni mwa pori la hifadhi. Muuguzi anafanya alivyofundishwa: anamchoma kidole, anadondosha tone la damu kwenye kipimo cha haraka cha malaria, anasubiri robo saa. Unajitokeza mstari mmoja tu. Hana malaria. Anapewa dawa ya maumivu, pengine na antibayotiki, anaambiwa arudi akizidiwa.

Zamani, kabla vipimo hivi havijaenea, damu ile ingepakwa kwenye kioo na kuwekwa chini ya hadubini. Mtaalamu wa maabara, huku akitafuta malaria, angeweza kukutana na kitu asichokitarajia: kijidudu kirefu, chembamba, chenye mkia, kimejipinda katikati ya chembe nyekundu. Hicho ndicho kimelea cha malale. Si wagonjwa wachache wa Afrika Mashariki waliogunduliwa kwa bahati ya namna hiyo.

Kipimo cha haraka cha malaria kimeokoa maisha ya wengi na hakuna mwenye akili timamu atakayetaka kiondolewe. Ila kinajibu swali moja tu, na malale haimo katika swali hilo.

Kwa malale ya Afrika Magharibi na Kati, kipimo cha haraka cha kuchuja wagonjwa kipo. Kwa malale ya mashariki, inayowapata watu wa Tanzania, Uganda, Malawi na Zambia, mhudumu wa zahanati hana kitu mkononi. Ni hadubini au kubahatisha. Soko la kipimo chake ni dogo mno kumvutia mtengenezaji wa vipimo, kwa hiyo fedha za kukitafuta haziwezi kutoka kwingine isipokuwa mifuko ya umma. Na funguo za mifuko hiyo wanazo wabunge.

Mchana usingizi, usiku macho

Malale huenezwa na mbung'o, ambaye wafugaji wengi humwita ndorobo. Anauma kwa nguvu, hata juu ya nguo, na akiwa na vimelea huviacha kwenye damu. Mwanzoni mgonjwa hupata homa zinazokuja na kuondoka, tezi kuvimba, mwili kuwasha. Dalili hizo anaweza kuwa nazo mtu yeyote mwenye ugonjwa wowote wa nchi za joto.

Baadaye vimelea huvuka na kuingia kwenye ubongo. Hapo ndipo jina la ugonjwa linapojieleza. Saa ya mwili inavurugika: mgonjwa anasinzia mchana, anaweza kulala akiwa na tonge mkononi, na usiku anakesha akizunguka. Mtu mpole anakuwa mkali. Mwenye kauli thabiti anaanza kuropoka. Familia nyingi hapo hutafuta mganga wa kienyeji, kwa sababu wanachokiona kinafanana na kurogwa au kupagawa kuliko kuumwa na nzi.

Asipotibiwa, karibu kila mgonjwa hufa. Aina ya magharibi huchukua miaka, wastani kama mitatu. Aina ya mashariki, ambayo wanasayansi huiita *Trypanosoma brucei rhodesiense*, haina subira hiyo: ni wiki au miezi michache.

Wanaoupata ni wale ambao riziki yao iko porini. Warina asali, wachoma mkaa, wapasua mbao, wawindaji, wachungaji, askari wa wanyamapori. Kwa Tanzania, ramani ya zamani ya ugonjwa huu imelala zaidi magharibi, Kigoma na Tabora: Kibondo, Kasulu, Urambo. Hata hivyo mwaka 2001 watalii kutoka Ulaya walirudi kwao wakiwa wagonjwa baada ya kutembelea Serengeti na Tarangire, na ghafla majarida ya kitabibu ya kimataifa yakaujadili kwa hamasa ambayo mrina asali wa Kibondo hakuwahi kuipata.

Ukipita katika hifadhi hizo utaona vitambaa vya buluu na nyeusi vimening'inizwa kando ya barabara. Ni mitego. Mbung'o huvutiwa na rangi hizo, ndiyo maana waongoza watalii huwashauri wageni wasivae buluu iliyokoza.

Tatizo kubwa la aina ya mashariki ni kwamba binadamu ni mgeni tu kwake. Makao yake hasa ni wanyama, wa porini na wa zizini. Unaweza kutibu wagonjwa wote leo, na kimelea kikaendelea kuishi ndani ya ng'ombe na pongo, kikisubiri.

> Nzi ni wa Wizara ya Mifugo, mgonjwa ni wa Wizara ya Afya, pori ni la Maliasili. Fungu la malale ni la nani?

Ssese, Tinde, Tanga

Tunayoyajua kuhusu ugonjwa huu hayakupatikana kwa bei rahisi, na wakati mwingine walioilipa bei hiyo hawakuulizwa.

Kati ya 1900 na 1920 inakadiriwa watu robo milioni walikufa kandokando ya Ziwa Victoria upande wa Uganda, hasa Busoga na visiwani. Aldo Castellani na David Bruce, wakiwa Entebbe, walithibitisha mwaka 1903 kwamba chanzo ni kimelea na mbebaji ni mbung'o. Miaka mitatu baadaye Robert Koch, Mjerumani aliyekwisha kupata Tuzo ya Nobel, aliweka kambi visiwa vya Ssese. Aliwachoma wagonjwa sindano za atoksili, dawa yenye aseniki, na alipoona kipimo cha kawaida hakitoshi akakiongeza. Baadhi yao walipofuka.

Baadaye ikaja zamu ya Tanganyika. Pale Tinde, Shinyanga, Dk J. F. Corson alianza mwaka 1934 jaribio lililoendelea kwa miaka mingi. Kimelea kilichotoka kwa mgonjwa kilipitishwa kwa mbung'o kuingia kwa kondoo, kutoka kondoo kwenda kwa swala, mzunguko baada ya mzunguko. Kila baada ya muda watu waliotajwa kuwa wamejitolea waliambukizwa kimelea hicho ili ionekane kama bado kina nguvu kwa binadamu, kisha wakatibiwa. Nguvu ilikuwapo. Hakuna kamati ya maadili ya leo ambayo ingelipitisha jaribio hilo, lakini ndilo lililoonyesha kwamba mnyama anaweza kuutunza ugonjwa wa binadamu kwa miaka. Mwaka 1958 watafiti nchini Kenya wakamkuta nao pongo wa porini.

Sura ninayoipenda zaidi ni ya Tanga.

Jike la mbung'o halitagi mayai mamia kama nzi wa jikoni. Huzaa buu mmoja kwa wakati, kila baada ya siku 9 au 10, buu aliyekwisha kunenepa tumboni mwa mama yake; akitoka hujifukia udongoni mpaka awe nzi kamili. Kwa kawaida jike hujamiiana mara moja tu maishani. Ukimpa dume tasa, umemfungia uzazi wote.

Wataalamu wa taasisi ya utafiti wa ndorobo Tanga waliligeuza jambo hilo kuwa silaha. Walifuga mbung'o kwa mamia ya maelfu. Damu ya ng'ombe ilipashwa moto kwenye sinia na kufunikwa utando mwembamba wa silikoni. Vizimba vya wavu vikawekwa juu yake, nao nzi wakatoboa utando ule kana kwamba ni ngozi, wakashiba. Madume yaliyopigwa mionzi yakawa tasa, yakapakiwa kwenye vijisanduku vya karatasi, yakapandishwa ndege ndogo na kumwagwa juu ya Unguja. Kazi hiyo ilianza 1994. Zaidi ya madume milioni 8 yalimwagwa. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o tena.

Unguja haikuwa na malale ya binadamu. Tatizo lake lilikuwa ugonjwa wa mifugo. Lakini nzi ni jamaa wale wale, sayansi ni ile ile, na ilifanyika hapa hapa, kwa mikono ya Watanzania, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Kila ninaposikia mtu akisema utafiti wa maana hufanyika Ulaya, huwa namkumbusha Tanga.

Dawa iliyookolewa na nywele za usoni

Upande wa tiba, hadithi yake ingechekesha kama isingekuwa na maiti ndani yake.

Kwa zaidi ya nusu karne mgonjwa ambaye vimelea vimeshafika kwenye ubongo alitibiwa kwa melarsoproli, dawa ya mwaka 1949 iliyotengenezwa kwa aseniki. Ilichomwa kwenye mshipa, na wagonjwa wanaeleza kwamba ni kama moto umemiminwa ndani ya mkono. Katika kila wagonjwa 20, karibu mmoja aliuawa na dawa yenyewe. Daktari alijua, ndugu walijua, na sindano ilichomwa, kwa kuwa chaguo jingine lilikuwa kifo cha hakika.

Mwaka 1990 ikasajiliwa eflornithini, salama zaidi, inayofanya kazi kwa aina ya magharibi. Miaka mitano baadaye mtengenezaji akaacha kuizalisha. Haikuwa na faida. Wagonjwa walikuwapo, maelfu kwa maelfu, ila hawakuwa na fedha, na ugonjwa wa maskini hauna bei sokoni.

Kilichoirudisha ni urembo. Iligundulika kwamba dawa hiyo hiyo, ikitiwa kwenye krimu, hupunguza nywele zinazoota usoni kwa wanawake. Krimu hiyo iliruhusiwa Marekani mwaka 2000. Kelele zikapigwa, hasa na Madaktari Wasio na Mipaka: inawezekanaje dawa ipatikane kwa ajili ya ndevu za mtu wa New York ikose kwa anayekufa Kongo? Mwaka 2001 kampuni ya Aventis ikafikia makubaliano na Shirika la Afya Duniani (WHO), na dawa ikaanza kutolewa bure.

Hata hapo, matibabu yalikuwa chupa 56 za dripu kwa siku 14. Mwaka 2009 ukaja mchanganyiko na nifurtimoksi uliopunguza dripu hadi 14.

Halafu vikaja vidonge. Feksinidazoli ilikuwa imetelekezwa makabatini tangu miaka ya 1980. Ilifufuliwa na DNDi, taasisi isiyo ya faida iliyoanzishwa 2003 na inayoendeshwa kwa fedha za serikali kadhaa na wafadhili. Majaribio makuu yaliongozwa na daktari wa Kongo, Victor Kande, kwa wagonjwa 394, katika hospitali ambazo umeme wenyewe ilibidi upelekwe. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikaipitisha. Siku 10 za vidonge, baada ya chakula, na kwa wagonjwa wengi hakuna tena sindano ya uti wa mgongo.

Kwa aina ya mashariki tulisubiri miaka mingine mitano. Majaribio yalifanyika Lwala, Uganda, na Rumphi, Malawi, kwa wagonjwa 45, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka Ulaya. Ruhusa ilipatikana Desemba 2023. Kabla ya hapo mgonjwa wa kwetu alikuwa na suramini ya miaka ya 1920 na melarsoproli ile ile ya moto.

Na kwa mtoto wa chini ya miaka 6, au mwenye uzito wa chini ya kilo 20, vidonge hivyo bado havijaidhinishwa. Ipo dawa nyingine mpya, akoziboroli, ya kumeza mara moja tu na kumaliza. Matokeo yake yaliyochapishwa 2022 yalileta furaha kubwa. Yalihusu aina ya magharibi.

Wagonjwa wakipungua, wahasibu huwahi

Katikati ya miaka ya 1960 wagonjwa wa malale walioripotiwa Afrika nzima hawakufika 5,000 kwa mwaka. Wakubwa wakaona kazi imekwisha. Timu za upimaji zikavunjwa, magari yakapelekwa kwingine. Kufikia mwaka 1998 walioripotiwa walikuwa karibu 40,000, na WHO ilikadiria wenye ugonjwa bila kujulikana kuwa ni 300,000.

Afrika Mashariki ina toleo lake la kisa hicho. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilikuwa na taasisi yake ya utafiti wa malale, EATRO, makao yake Tororo. Jumuiya ikavunjika 1977 na taasisi ikabaki bila mwenyewe wa pamoja. Kenya ikajenga yake Muguga, Tanzania ikabaki na yake Tanga, Uganda ikarithi majengo. Wakati huo huo Busoga ilikuwa imeingia katika mlipuko mpya, ulioanza 1976 na kuwapata maelfu. Kuvunjika kwa Jumuiya si chanzo cha mlipuko. Vita, mashamba yaliyogeuka vichaka na utawala wa Idi Amin vilitosha. Ila walioujua ugonjwa huo vizuri walikuwa wametawanyika siku ulipohitajika ujuzi wao.

Leo tuko tena bondeni. Mwaka 2009 idadi ilishuka chini ya 10,000, na tangu 2018 haijafika 1,000 kwa mwaka. Rwanda ilithibitishwa na WHO mwaka 2022 kuwa malale si tatizo la afya ya jamii tena. Kenya ikafuata Agosti 2025. Mgonjwa wake wa mwisho aliyeambukizwa nchini, ukiacha wasafiri wawili waliopita Maasai Mara mwaka 2012, alikuwa wa mwaka 2009. Ni ushindi wa kweli na waliouleta wanastahili heshima.

Na fedha zimeshaanza kuondoka. Julai 2021 Bunge la Uingereza, kwa kura 333 dhidi ya 298, liliacha misaada ya nje ibaki asilimia 0.5 ya pato la nchi hiyo badala ya 0.7. Februari 2025 Serikali yake ikatangaza itashuka hadi 0.3 ifikapo 2027. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifungwa Julai 2025. Wabunge wa London na Washington wana wapigakura wao, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuomba kura Kibondo.

> Mwaka 2020 aina ya mashariki iliripotiwa kwa watu 98. Mwaka 2021, 55. Mwaka 2022, 38.

"Wagonjwa 38, kweli?"

Hapa ndipo hoja ya upande wa pili inapoingia, na haifai kupuuzwa.

Anayegawa fedha za Serikali anatazama takwimu hizo tatu na kuuliza swali la haki kabisa. Malaria inaua maelfu kila mwaka. Wajawazito wanakufa kwa kukosa damu. Kata nzima haina daraja. Wagonjwa wa malale ya mashariki wa bara zima kwa mwaka mmoja ni wachache kuliko wabunge walioketi ukumbini Dodoma. Dawa zinatolewa bure na watengenezaji. Kwa nini shilingi ya mlipakodi iende huko?

Wapo pia wanaosema, kwa sauti ya chini lakini bila kukosea sana, kwamba fedha za utafiti zikitolewa huishia kwenye semina, posho na magari, na ripoti hubaki kabatini. Wengine husema tumeshajua vya kutosha: wekeni mitego, ogesheni ng'ombe, toeni vidonge. Na katika mikoa ya utalii kuna woga usiosemwa hadharani kwamba kutaja malale ni kufukuza wageni.

Niseme ninavyoona. Hoja ya posho ni ya kweli, na dawa yake ni ukaguzi. Hatukufunga barabara kwa sababu makandarasi wanaiba. Hoja ya utalii imejibiwa na mwaka 2001 wenyewe: kilichowaudhi wageni ni kuumwa bila kuambiwa, wala si kuona mitego.

Hoja ya idadi ndiyo nzito, nayo inaegemea jambo moja dhaifu. Hao 38 ni walioonekana. Utafiti wa Tororo uliochapishwa 2005 ulikadiria kwamba kwa kila kifo kimoja cha malale kilichoripotiwa, vingine 12 vilipita bila kujulikana. Wakati ule hadubini zilikuwa bado ndicho chombo cha kila siku. Sasa tumeziweka pembeni na hatujaleta kitu mbadala, kisha tunaisoma takwimu inayoshuka kama habari njema tupu.

Yaliyotokea majirani yanatosha. Malawi ilipata ongezeko la ghafla la wagonjwa kuzunguka hifadhi ya Vwaza kuanzia 2019. Ethiopia iliwaona wagonjwa mwaka 2022 baada ya kimya cha miaka 30. Na Uganda, mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti walifuatilia mlipuko wa Soroti wakakuta chanzo chake ni mnadani: ng'ombe walionunuliwa maeneo yenye ugonjwa na kupelekwa kaskazini kujaza mazizi yaliyoporwa. Ugunduzi huo ulitoa silaha nyepesi mno, ng'ombe wachomwe dawa kabla ya kuuzwa. Bila fedha za kuuliza maswali, wangeendelea kufyeka vichaka.

Uganda ina sababu ya ziada ya kutolala. Ni nchi pekee yenye aina zote mbili, ya magharibi kule mkoa wa West Nile na ya mashariki upande wa kusini mashariki na kati. Dawa, vipimo na mwendo wa ugonjwa vinatofautiana. Zikikutana, daktari wa wilaya atakuwa na kazi.

Suala la "tumeshajua vya kutosha" linajibiwa na kimelea chenyewe. Hubadili vazi lake la nje kila kinga ya mwili inapolitambua, ndiyo maana hadi leo chanjo haijapatikana. Kina jeni inayokiwezesha kuishi katika damu ya binadamu ambayo huwaua ndugu zake. Nani anabeba zaidi kimelea chenye jeni hiyo kati ya ng'ombe wa Urambo, nyati wa Serengeti na ngiri wa Kigoma? Mitego iwekwe wapi wakati tabianchi inabadilika na pori linalimwa? Hayo hayawezi kujibiwa kutoka makao ya WHO, Geneva.

Randama na shilingi

Umoja wa Afrika uliamua Khartoum mwaka 2006 kwamba kila nchi itenge angalau asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti na maendeleo. Tanzania, Kenya na Uganda zingali chini ya hapo. Miaka mitano kabla yake, Abuja, viongozi waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Ahadi hizi zimetajwa bungeni mara nyingi hadi zimekuwa kama salamu.

Ahadi ya asilimia haina mtu wa kuulizwa. Fungu lina mtu wa kuulizwa, na malale ya Tanzania inakosa fungu kwa sababu imegawanyika. Wataalamu wa Tanga wako chini ya Wakala ya Maabara ya Veterinari, Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Utafiti wa magonjwa ya binadamu uko kwenye taasisi yake ya taifa, NIMR, ambayo ina kituo Tabora. Hifadhi ni za Maliasili na Utalii. Bajeti ikibana, kila wizara inaona kwamba huyu mgonjwa ni wa jirani.

Uganda ilikwishaliona hilo. Mwaka 1992 Bunge lake lilitunga sheria iliyounda Baraza la Kudhibiti Malale lenye sekretarieti yake, COCTU, linalowaweka watu wa afya, mifugo na wanyamapori meza moja. Baraza hilo nalo limewahi kulia njaa ya bajeti. Lakini kuna mlango wa kugonga.

Mbunge wa Tanzania hawezi kuamka asubuhi akaleta muswada wa kuongeza matumizi. Ibara ya 99 ya Katiba inalifunga jambo hilo hadi lipendekezwe na upande wa Serikali. Silaha zake ni nyingine: Machi, kamati zinapopitia randama, yaani maelezo ya kina ya bajeti za wizara; kipindi cha maswali; na Kamati ya Matumizi, anapoweza kushika shilingi ya mshahara wa waziri hadi apate maelezo yanayoridhisha. Shilingi imeshikwa kwa ajili ya korosho, kwa ajili ya tembo, kwa ajili ya vivuko. Haihitaji ujasiri wa pekee kuishika kwa ajili ya nzi.

Maswali ya kumbana nayo waziri si ya kisayansi. Mwaka wa fedha uliopita ziliidhinishwa ngapi kwa utafiti wa malale, na kati ya hizo zilitolewa ngapi? Anayejua bajeti zetu anajua kwamba hizo ni namba mbili tofauti. Za ndani ni ngapi, za nje ngapi, na za nje zinaisha lini? Tanga bado wanafuga mbung'o wangapi, na umeme wa kuwatunza unalipwa na nani? Katika halmashauri za Kibondo, Kasulu na Urambo, kuna watu wangapi wa maabara wanaoweza kukitambua kimelea hicho wakikiona, na mdogo kuliko wote ana umri gani? Wengi waliokijua vizuri wanastaafu.

Kwa Kenya swali ni jingine. WHO ikishathibitisha, nchi hutakiwa kuendelea kufuatilia, na kufuatilia ugonjwa ambao rasmi haupo ni kazi ngumu kuiombea fedha Nairobi na ngumu zaidi kuiombea kaunti. Arusha nako kuna Bunge la Afrika Mashariki, ambalo lina uwezo wa kutunga sheria za kikanda. Pongo wa Mara hana pasipoti, na kipimo cha haraka cha malale ya mashariki, kama kitapatikana, kitakuwa rahisi kulipiwa na nchi kadhaa kwa pamoja kuliko moja peke yake. Tororo ilikuwapo kwa mantiki hiyo hiyo, na majengo hayakuhama.

Bajeti za Mifugo, Afya na Maliasili husomwa Dodoma kwa siku tofauti, kati ya Aprili na Juni. Mbunge atakayeikosa zamu moja anazo mbili nyingine.